Weka Supa Hapo Juu, Iwe Kubwa

Mimi kazi yangu ni kudizaini lebo. Zile za makampuni makubwa zina watu wake huko Masaki, wateja wangu mimi ni akina mama wa unga wa lishe, vijana wanaopaki mchele kilo moja kilo tano, watu wa asali, wa sabuni ya maji, wa karanga za kusaga, yaani mtu ambaye kiwanda chake ni jiko la nyumbani au fremu moja Manzese. Na mteja mpya akikaa tu kwenye kiti, kabla hajaniambia hata jina la bidhaa, nshajua kuna neno litakuja. Litakuja tu. "Kaka, hapo juu weka SUPA, iwe kubwa, ile ya dhahabu dhahabu." Ukimuuliza supa kivipi anakushangaa, supa si supa, kwamba nzuri, kwamba sio ile ya kawaida. Haya, na ile ya kawaida iko wapi? Hana. Anatengeneza moja tu na hiyo hiyo moja ndo supa.

Sina ugomvi nae, hela yake lebo yake. Ila neno ukilichapa kila siku linaanza kukukaa kichwani, nikawa nalifuatilia kidogo kidogo, limetoka wapi, wenyewe wanalitumiaje, na limefikaje mpaka kwenye mfuko wa sembe Mbagala, na nilichokiona ni kwamba hapa mjini kuna supa mbili. Kuna supa yenye kipimo nyuma yake na kuna supa ya mdomo. Zinaandikwa sawa, zinatamkwa sawa, na bei mara nyingi ni sawa, hapo sasa ndo watu wanapopigwa.

Tuanze na kwao. Super ni Kilatini, maana yake juu, au juu ya. Waingereza wakawa wanalibandika mbele ya maneno mengine, ndo hizi supamaketi na supastaa tulizozipokea zikiwa zishaunganishwa kabisa. Lakini lile la kusimama peke yake kama sifa, kwamba kitu ni super basi imeisha, lilipitia dukani. Kuanzia miaka ya 1680 kulikuwa na neno superfine, likitumika kwa bidhaa za daraja la juu kabisa, halafu baadae likakatwa mkia, na kwenye miaka ya 1830 super likaanza kutembea lenyewe. Kwa hiyo halikuzaliwa kwa washairi wala kwa maprofesa, ni neno la wenye mali, alama ya gredi, la kumwambia mnunuzi hili robota na lile robota havilingani. Mimi hilo lilinifurahisha sana kwa sababu mpaka leo Kariakoo linafanya kazi ile ile.

Na kwenye vitambaa halijahama mpaka leo. Ukiingia duka la vitambaa vya suti ukaangalia ule ukingo wa kitambaa utaona maandishi, Super 100's, Super 120's, Super 150's. Watu wengi wanadhani ni urembo. Sio urembo, ni hesabu, na hesabu yenyewe inatoka Bradford, kaskazini mwa Uingereza, mji uliokuwa kitovu cha biashara ya sufu. Walikuwa wanachukua ratili moja ya sufu, hata nusu kilo haifiki, wanauliza hii ikisokotwa inatoa mafungu mangapi ya uzi, kila fungu lina yadi 560. Mafungu 60 basi sufu hiyo ni 60. Mafungu 100 ni 100. Sasa piga hesabu, mafungu 100 mara yadi 560 ni yadi 56,000, kilomita hamsini na moja hivi, yaani sufu isiyofika nusu kilo unauvuta uzi wake kuanzia Posta unapita Kibaha na bado unao mkononi. Sufu ya kufanya hivyo lazima unyoya wake uwe mwembamba kweli kweli. Siku hizi hawahesabu mafungu, wanapima wembamba wa unyoya kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na kuna jumuiya ya kimataifa ya watu wa sufu inayosimamia hizo namba, Super 100's unyoya usizidi maikroni 18.75, Super 120's usizidi 17.75, Super 150's usizidi 16.25, na kitambaa chenyewe kiwe sufu mpya halisi. Hiyo sasa ndo supa yenye kipimo, ukibisha unaletewa darubini.

Fundi wangu wa suti yuko Ilala, mzee wa siku nyingi, ameshona toka enzi za kaunda suti. Nipo pale siku hiyo akaja kijana ana kitambaa cha suti ya harusi kanunua Kariakoo, ukingoni kimedariziwa kwa uzi wa njano kinang'aa, Super 150's, na chini yake kimeandikwa kimetoka Uingereza. Mzee hakusema kitu. Akachomoa nyuzi mbili tatu pembeni, akazisokota kwa vidole, akawasha kiberiti. Sasa sufu ya kweli ikiungua inanuka nywele, nywele kabisa, kama saluni dada akizidisha moto wa pasi, na ukiondoa kiberiti inazima yenyewe inaacha majivu meusi ambayo ukiyabana kidogo tu yanasagika. Zile hazikufanya hivyo. Zilirudi nyuma zikajikunja, zikayeyuka, likatengenezeka tone jeusi kwenye ncha na harufu ya plastiki, na lilivyopoa mzee akaligonga kwenye meza ya cherehani, ko ko ko, gumu kama shanga.

"Mwanangu, hii chupa ya maji," akamwambia.

Na hakuwa anatania, poliesta na chupa ya maji ya kunywa ni plastiki moja, tofauti moja imevutwa ikawa uzi nyingine imepulizwa ikawa chupa. Kijana akaanza kulalamika, lakini mzee wangu si imeandikwa hapo? Mzee akamjibu bila kumwangalia, imeandikwa ndio, hata mie ukinipa uzi wa njano nakuandikia.

Alimshonea hivo hivo na ilimkaa vizuri tu maana yule mzee mkono anao. Lakini kuna kitu kingine alikisema baadae tukinywa kahawa ambacho mi nakiona ni kikubwa kuliko cha kiberiti. Alisema hata hiyo Super 150's ingekuwa ya kweli asingemshauri mtu wa kupanda mwendokasi na kukaa ofisini mchana kutwa ainunue, kwa sababu uzi mwembamba ni laini na unaanguka vizuri mwilini ila haustahimili, unakunjamana haraka, unachakaa magotini na makalioni, suti ya kazi bora uchukue 100 au 110 ikae miaka. Kwa hiyo hata supa yenye kipimo haisemi kitu ni kizuri kwa kila jambo, inasema kimepanda kwenye jambo moja. Wembamba. Mengine ni juu yako na matako yako.

Kwenye kompyuta nako ni hivyo hivyo ila kwa vichekesho zaidi. Wateja wangu wananiletea kazi kwenye flashi, na ukiangalia tundu la USB la bluu pembeni utaona vi-S viwili, hiyo ni SuperSpeed, ilitoka 2008, biti bilioni tano kwa sekunde. Kabla yake kulikuwa na Hi-Speed ya mwaka 2000, milioni 480. Na kabla ya hapo mnajua ile ya zamani iliitwaje? Full Speed, mwendo kamili, milioni 12. Yaani walisema huu ndo mwendo wote, hakuna mwingine, wakaja wakaongeza juu, wakaongeza tena, mpaka leo kifaa cha Full Speed ndo konokono. Wamarekani na zeituni zao za kopo nao walipita njia hiyo, kuna kubwa, kuna kubwa zaidi, kuna jumbo, kuna kolosali, na walipofika hapo maneno yakawaishia wakaweka supa kolosali. Zeituni hiyo jamani, tunda la kumeza na mbegu yake.

Turudi kwetu kwenye mchele maana huku ndo kuna utamu.

Watu wengi wa Dar wanaposema mchele supa wanamaanisha mchele mzuri. Lakini nenda Mbarali, nenda Kilombero, mwulize mkulima supa ni nini, atakuonyesha mmea. Supa ni jina la mbegu! Ni mpunga mrefu, ukipata mvua na upepo unalala chini, unachelewa kukomaa, hauzai sana, kwa mkulima ni mateso tu, ila una harufu. Ile harufu ya ukipika mpaka jirani anauliza leo kuna nini. Sasa wataalam wakaja na mbegu nyingine, TXD 306, sisi tunaijua kama SARO 5, imezalishwa Dakawa kule Morogoro na ikaruhusiwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 2000, fupi, inasimama imara, inatoa machipukizi mengi na mavuno yake yanaizidi supa mbali sana, na harufu inayo kiasi ila haifiki ya mwenzake. Mkulima mwenye akili analima saro apate magunia. Mnunuzi wa Dar anataka supa. Katikati hapo kuna mtu wa kati na kuna mashine ya kukoboa, na mpunga ukishavuliwa maganda punje zinafanana, mimi na wewe hatuwezi kuzitenganisha kwa macho.

Kwa hiyo neno likisafiri kutoka shambani mpaka Tandale linabadilika taratibu. Shambani ni jina. Mashineni ni jina linaloanza kuwa sifa. Likifika dukani Kimara ni sifa tupu, mchele wowote mweupe wenye chenga chache ni supa, na kuna duka nimeona wameandika kwa mkono kwenye kadibodi SUPA, SUPA MBEYA, SUPA KYELA, SUPA KABISA, zimepangwa kwenye mabeseni manne na kila moja ina bei yake. Nilisimama pale nikashangaa kidogo. Supa kabisa!

Lakini msidhani wanunuzi ni mambumbumbu. Kuna mama lishe namfahamu anachukua mchele Tandale kila wiki na yeye hilo neno halisikilizi kabisa, muuzaji anaimba supa supa mama supa yeye anachota kiganjani, anasugua kwa kidole gumba, anapuliza ile vumbi ya pumba itoke, halafu anaweka pua pale pale kiganjani kwenye ule ujoto wa mkono, ananusa. Kisha anatafuna punje moja. Akitafuna ikikatika kwa mlio ni mchele uliokauka vizuri, ikilegea una unyevu, huo ukipika unagandana bokoboko. Kisha anauliza swali moja tu, "huu wa lini?" Kwa sababu mchele mpya unanukia ila unashikana, na uliokaa ghalani miezi unanywa maji mengi unajaa sufuria, sahani zinaongezeka, ila harufu inakuwa imepungua maana ile kemikali ya harufu ni ya kuruka hewani, kadri mchele unavyokaa inapotea. Mama wa pilau ya sherehe na mama ntilie wa ubwabwa wa mchana hawatafuti kitu kimoja. Wote wawili wataambiwa supa na muuzaji yule yule kutoka gunia lile lile.

Kwenye unga sasa ndo neno limegeuka kichwa chini miguu juu. Sembe supa ni ile nyeupe pee, imekobolewa, na kukoboa maana yake umeondoa ganda la nje na kiini, na kwenye kiini ndo kuna mafuta na sehemu kubwa ya vitamini za mahindi, na kwenye ganda ndo kuna nyuzinyuzi. Wengine wanakoboa, wanaloweka, wanaanika, halafu ndo wanasaga, weupe uzidi. Kile kilichotoka ni pumba na pumba wanakula kuku na ng'ombe, na wananawiri. Kinachobaki kwa kiasi kikubwa ni wanga, unasonga ugali laini mweupe kama pamba, na kwenye mfuko tunaandika supa. Nimeiandika mimi kwa mkono wangu mara nyingi tu. Dona ambayo ina kila kitu ndani yake miaka yote imekuwa unga wa bodingi na wa jeshini, mtu akija kwako ukampikia dona anaweza akajisikia hujamheshimu. Kwa haki niseme sembe ina faida moja ya kweli, inakaa, dona ina mafuta ya kiini na yakikaa yanachacha unga unakuwa mchungu, kwa hiyo mwenye duka anaipenda sembe na sio kwa weupe peke yake. Ila ukiuliza supa hapo imepima nini jibu ni rangi. Basi.

Halafu nenda kwenye saruji uone maajabu. Fundi wa kujenga hata umpigie nyimbo gani hakuelewi ukimwambia saruji supa, anakuuliza namba. 32 na nusu au 42 na nusu? Hiyo namba ni nguvu, megapaskali, inapimwa baada ya siku 28 tangu uchanganye, plasta na kujengea tofali 32.5 inatosha, nguzo na slabu anataka 42.5, na nondo atakutajia milimita. Hamna sifa pale. Nimewahi kujiuliza mbona mafundi ujenzi wameponyokaje kwenye hili gonjwa la supa, na nadhani ni kwa sababu ukikosea mchele unakula bokoboko siku moja, ukikosea slabu inakudondokea.

Kiswahili chenyewe kimelipokea vizuri hili neno, halisumbui. Mchele supa, unga supa, vitenge supa, viatu supa, halifuati ngeli, limejipanga foleni moja na safi, bora, ghali, imara na laini ambazo nazo hazivai viambishi vya mtu. Na nadhani ndo maana limedumu. Hebu kumbuka maneno mangapi ya kusifia yamepita hapa mjini, bomba, bab kubwa, mwake, noma, kila kizazi na lake, leo ukimwambia kijana wa chuo simu yako bab kubwa anakuangalia kama umeshuka na meli ya Mjerumani. Supa imebaki maana yenyewe haiko mdomoni tu, imechapwa kwenye mifuko. Bora nayo ipo lakini bora ina tabia yake, inataka vitu viwili, bora hiki kuliko kile, bora nirudi nyumbani, bora liende, ukisema bora mtu anategea kusikia ni bora kuliko nini. Supa haiulizwi kuliko nini. Wauzaji wanalijua hilo hata kama hawajawahi kukaa chini wakalifikiria.

Kitu pekee kwenye lebo ambacho mteja akiniomba namkatalia ni ile alama ndogo ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Wanaomba sana. "Kaka si unaitoa tu Google unapachika." Hapana, ile inatolewa kwa leseni, bidhaa inapelekwa maabara, wanakuja kuangalia unapozalishia, shirika lipo tangu 1975 na kuanzia 2019 mambo ya usalama wa chakula nayo yamehamia kwao, sitaki kesi. Na hapo ndo unaona vizuri tofauti ninayoisema. Ile alama yenye kazi nyuma yake tunaiweka pembeni ndogo kama kucha, na neno ambalo unaruhusiwa kulichapa saa nane ya usiku bila kumuuliza mtu ndo linachukua robo ya mfuko kwa rangi ya dhahabu. Nimejaribu kuwashauri wengine, wewe una asali ya Tabora ya nyuki wadogo, andika hiyo, nyuki wadogo ni taarifa, wewe mchele wako umetoka kwa shangazi yako Kyela andika Kyela na mwezi uliovunwa. Wanasikiliza kwa heshima zote. Kisha wanasema sawa kaka weka na hiyo, ila supa usitoe.

Na sasa naona zamu yake inaanza kupita. Wateja wangu wenye umri chini ya miaka thelathini hawataki tena supa, wanaiona ya kizamani, ya kimama. Wanataka premiamu. Mfuko mweusi usiong'aa, maandishi madogo katikati, premiamu. Hili nalo lina ukoo wake, Kilatini praemium, tuzo au zawadi, Waingereza wakalifanya malipo, kile unacholipia bima mpaka leo ndo hicho hicho, na malipo ya ziada juu ya bei, na kutoka kwenye kulipa zaidi likaja kuwa kizuri zaidi, kumbukumbu za mapema kabisa za matumizi hayo ni za mwaka 1925 na zilihusu siagi. Ona hapo lilivyo la kweli kuliko supa, lenyewe lilianza kwa kukwambia kabisa kwamba utalipa zaidi. Uzuri umekuja nyuma. Na lishaanza kuchoka nalo, petroli unayoweka kwenye bodaboda kwenye makaratasi ya wenye mafuta inaandikwa PMS, hiyo P ni premium, wakati pale kituoni hamna petroli nyingine ya chini yake, hiyo premiamu ndo ya kila mtu na vurugu zake zote za bei kila mwanzo wa mwezi. Wazee wenye magari ya zamani wanakumbuka kulikuwa na supa na regula. Regula ilivyoondoka, juu ikabaki haina chini.

Mabasi ya mikoani vile vile. LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, nauli wanazotangaza ni za daraja la kawaida na daraja la kati, hayo madaraja yana masharti, yamehesabiwa kwa kilomita. Lakini simama stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri usome ubavuni, VIP, Royal, Luxury, Executive, na mpiga debe anakwambia "anko hili letu ni luxury ya ukweli," ya ukweli! maana yake na yeye anajua kuna nyingine. Ukiingia unakuta siti ya kitambaa imechanika, tundu la kuchajia halina umeme, na soda moja ya bure ukifika Morogoro.

Kuna mama mmoja wa Tabata alikuja juzi, wa unga, tulishafanya kazi zamani, ile lebo yake ya sembe ilikuwa na supa mbili, moja mbele moja nyuma. Sasa anauza dona. Wanamnunua watu wa gym na wenye sukari, daktari kawaambia waache sembe, anapeleka Mikocheni na Mbezi Beach, mfuko wa kilo mbili wa khaki wenye kidirisha, na tumeandika premiamu kwa herufi ndogo ndogo kama alivyotaka. Bei yake imeipita ile sembe ya mwanzo kwa mbali. Nikamuuliza mama, mashine umebadilisha? Akacheka, mashine ni ile ile mwanangu, na mahindi ni yale yale ya Kibaigwa, sikoboi tu.